Nilifungasha malle kwa siri, mtaa mzima ukajua vita inakuja

Wakuu, habari za humu ndani. Nimeona vijana wanaulizana kuhusu emergency kit ya nyumbani, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa sandukuni, mtaiona.

Ni Bukavu, miaka ya sabini, enzi za Zaïre, tulipokuwa tukiitana citoyen na citoyenne. Nilikuwa fundi mwashi. Tulikaa Kadutu, mtelemkoni kabisa, kule ambako ukimwaga maji uani kwako yanamfikia jirani wa chini kabla hujageuka.

Mke wangu, Mama Furaha, binti wa kutoka Mudaka, alikuwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni, wa miezi minne hivi.

Mvua zilipoanza nikaona ufa kwenye udongo nyuma ya jiko. Kidole kinaingia. Mwashi akiona ufa wa namna ile anajua udongo utashuka.

Nikaanza kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Lakini peke yangu, jioni jioni baada ya kazi, ungenichukua miezi.

Basi nikasema, ukuta ukiwa bado, angalau vitu viwe tayari. Nikanunua sanduku la bati, kwetu tunaliita malle. Nikatia unga wa muhogo, chumvi, sabuni, mishumaa, kiberiti nimekifunga kwenye plastiki, sufuria, blanketi, nguo za mtoto, dawa za homa, na karatasi zetu zote pamoja na cheti cha ndoa cha parokia. Chini kabisa nikalaza pelle, yaani beleshi, nimelikata mpini ili liingie.

Kosa langu ni hili: nilifungasha kimyakimya, mlango nimefunga. Niliona aibu. Mwashi anayeogopa nyumba yake mwenyewe, nani atampa kazi?

Wale mliokulia Bukavu najua mmeshaanza kucheka.

Kwa wengine, watu wetu walikuwa wamekimbia vita miaka michache nyuma. Na kila mtu alikumbuka kwamba waliopata habari mapema hawakusema kitu. Walifunga mlango, wakafunga malle. Kwetu sisi malle inayofungwa kwa siri ni habari kuliko ya redio.

Jirani yetu Mama Mugisho aliniona kupitia dirishani. Hakuniuliza neno. Alishika kikapu akaenda soko la Nyawera kununua chumvi.

Kesho yake avenue nzima, yaani mtaa wetu wote, inanunua chumvi. Keshokutwa malle zimetolewa chini ya vitanda, wamama wanakunja pagne, vitenge vyao. Mimi sina habari. Nilishangaa tu watu wananisalimia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe.

Muzee mmoja akanivuta pembeni akauliza, kwa sauti ya chini, itatokea upande gani. Nikadhani ameuona ufa. Nikamjibu kwa upole kwamba itatokea juu, huku nyuma, na itakuja ghafla.

Mnaona nilivyojimaliza.

Siku ya nne shefu wa avenue akaja na watu wawili, na umati nyuma yao. Wakuu, enzi zile kueneza uvumi wa vita halikuwa jambo la mzaha. Unaweza kupelekwa ofisi ya zone, kwa wakubwa wa serikali, ukarudi Mungu anapopenda. Mama Furaha alimkaza mtoto mgongoni mpaka akaanza kulia.

"Citoyen," shefu akasema, "unajua nini yenye siye hatujui?"

Nikamwambia sijui kitu, mimi najua udongo na mawe tu. Akaniamuru nifungue malle.

Alitoa kitu kimoja kimoja mbele ya watu wote. Kila kilichotoka kilinizamisha: unga, blanketi, karatasi. Vitu vya mtu anayekimbia, kabisa. Mpaka akafika chini, akainua lile pelle. Akaligeuza, akaliangalia, akaniangalia.

"Mutu wa kukimbia vita hawezi beba pelle," akasema. "Hii ni ya nini?"

Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya jiko. Ufa sasa ulikuwa unaingia ngumi. Aliinama akatia mkono wake mwenyewe.

Aliporudi mbele ya watu alisema hakuna vita, ni udongo, kila mtu aende akafungue malle yake. Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya wote, akaleta avenue nzima kwenye ukuta wangu. Watu walipokezana mawe wakinicheka mpaka saa sita. Na mimi nilicheka, nilikuwa na furaha mno.

Wiki tatu baadaye, mchana, mvua ikapiga kweli. Udongo ukashuka. Ukuta ulishikilia kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitutosha kutoka. Jiko letu likaenda, na chumba cha Mama Mugisho pia.

Tulikimbilia uwanja wa shule pale juu. Na hapo ndipo nikaona: kila nyumba imekuja na malle yake kichwani, imefungwa. Hakuna aliyekuwa ameifungua. Hata shefu alikuwa na yake!

Aliiweka chini akaanza kuhesabu watu, nyumba kwa nyumba. Akarudia tena. Kisha akaja niliposimama.

"Papa Furaha," akasema, "tuko wote."

Nililia mbele za watu, na sioni haya kuliandika.

Somo langu, wakuu: fungasheni. Lakini fungasha mchana, mlango wazi, jirani akiona na akijua ni kwa ajili ya nini. Mimi niliokoa mtaa kwa bahati na woga wa watu. Wewe usitegemee bahati.

Haya, semeni ninyi. Ndani ya sanduku lako kuna nini, na jirani yako anajua?