Mshenga Atoa Tathmini

Niliondoka Sumbawanga na begi moja. Nikarudi na stashahada ya ununuzi na ugavi, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, nikajenga nyumba ya vigae ambayo watu wa Katandala huitumia kuelekeza wageni. Vyote kwa jasho langu. Nilichokosa ni ujasiri wa kusema mbele ya watu tu.

Ndiyo maana nilijiunga na klabu ya hotuba inayokutana kila Jumamosi katika darasa la shule jirani. Pale ukisema "aaa" unagongewa kengele. Ukitia mkono mfukoni, kengele. Na hotuba ikiisha, mwenzako anasimama papo hapo kukutathmini: kwanza sifa, kisha kasoro, kisha sifa tena ili usiondoke na kinyongo. Haikuchukua muda nikawa mwenyekiti, na kwa kutathmini hakuna aliyenifikia hadi leo.

Basi mdogo wangu alipotaka kumposa binti wa katekista mmoja huko njia ya Namanyere, mshenga alikuwa nani zaidi yangu?

"Kaka, ukiharibu nimekwisha," aliniambia. "Kuna mwenzangu alikataliwa pale kwa sababu ya mdomo wa mshenga wake."

Nikamwambia alale usingizi.

Tulikwenda sisi wawili na shangazi. Nilichuchumaa, nikapiga makofi ya taratibu kama Wafipa tunavyowaamkia wakubwa, kisha nikasimama na kumwaga hotuba. Shangazi alipiga kigelegele hata kabla sijamaliza.

Katekista akasimama kujibu. Alianzia ubatizo wa binti, akapitia mahindi, ulezi na ubovu wa barabara, kila sentensi ikitanguliwa na "eee", mkono wa kushoto ukiwa mfukoni mwa koti. Alipoketi, kukawa kimya. Klabuni, kimya kile ni cha mtathmini. Nikajikuta nimesimama.

"Tunamshukuru mzungumzaji wetu," nikasema. "Sauti ni nzuri, imefika hadi uani. Ila hizo 'eee' zimezidi, na mkono ungetoka mfukoni. Kwa jumla, umejitahidi. Tumpigie makofi!"

Nikapiga makofi. Peke yangu.

Shangazi alinivuta koti nikakaa kwa kishindo. Mdogo wangu aliinamia sakafu kama aliyedondosha sindano.

"Nimejitahidi?" katekista aliuliza polepole. "Mimi?"

"Msamehe, baba," shangazi akadakia. "Huyu ana stashahada."

"Pole yake," akasema mzee mmoja pembeni. "Ilimwanzia huko huko mjini?"

Aliyecheka kwanza ni mama wa binti. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge.

"Huo mkono! Tangu tuoane nakwambia, mume wangu, huo mkono! Leo amepatikana wa kukwambia!"

Katekista aliutazama mkono wake, akautoa mfukoni, akaniashiria nisimame.

"Sasa zamu yangu. Sauti unayo. Kasoro: duka tumelisikia, vigae tumevisikia, stashahada imerudi na kurudi. Anayeoa hatujamsikia kabisa. Kwani tunamwoza nani, wewe? Rudia."

Nilisimama. Hotuba niliyoikariri haikuwa na mstari hata mmoja juu ya mdogo wangu. Nikasema nilichokijua: kwamba miaka yote niliyokuwa mbali nikijijenga, yeye ndiye aliyemlimia mama, akamtengenezea paa kila masika, akampeleka hospitali kwa baiskeli upepo wa Ufipa ukimpiga usoni. Sikumbuki mikono yangu ilikuwa wapi. Nadhani hata "aaa" nilisema.

Mdogo wangu akainua uso kutoka sakafuni.

"Hiyo sasa ndiyo hotuba," katekista akasema. "Posa tumeipokea. Mshenga atalipa faini ya jogoo kwa kutupa maksi hapa nyumbani kwetu, na amlete mwenyewe."

Nilimpeleka jogoo Jumapili iliyofuata. Katekista alinipokea kwa mikono yote miwili, nami sikusema neno juu ya hilo. Lakini niseme ukweli: jogoo aliyenona kama yule hajawahi kufika njia ya Namanyere.