Gari la Spoti Nyuma ya Kigari Changu cha Maziwa

Mume wangu hakuniuliza. Nataka hilo lijulikane mapema, maana kila akisimulia habari hii kwa wenzake anaanza na "tuliamua". Mimi sikuamua kitu. Nilikuwa uani naosha madumu ya maziwa, nikamsikia akisema kwenye simu, "Usijali, walaal, gari lipo." Walaal ni ndugu. Gari ni langu.

Kigari chenyewe ni kidogo, ukikaa mbele magoti yanagusa redio. Lakini kila alfajiri kinabeba maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji walio nje ya mji hadi kwa akina mama wanaouza sokoni Garissa, na hapo ndipo chakula cha watoto wangu kinapotoka. Klachi yake wakati huo ilikuwa imechoka. Fundi aliniambia bila kupepesa macho, "Mama, ukiilazimisha siku moja tu, imekwenda." Klachi ikienda, maziwa yanachacha njiani, na akina mama wanatafuta gari lingine siku hiyo hiyo. Siwalaumu. Na wao wana watoto.

Aliyekuwa kwenye simu ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuja kutoka Nairobi na gari la spoti jekundu, milango miwili, viti viwili, limeinama chini kiasi kwamba ukitaka kushuka unampa mtu mkono akuvute. Akaamua kwenda nalo Buna, kwa wakwe watarajiwa, ili waone wanamwoza binti yao kwa mtu gani. Kwenda lilifika, mashallah, hilo simnyimi. Kurudi, karibu na Modogashe, likagonga jiwe kwa tumbo, oili yote ikamwagika, likanyamaza.

Tukatoka asubuhi kwenda kulivuta: mimi kwenye usukani, mume wangu pembeni akinionyesha mashimo ambayo nilikuwa nayaona, na nyuma mama mkwe na binti yangu mdogo mapajani mwake. Mama mkwe alisema anakwenda kuangalia kama mwanawe ni mzima. Tulimkuta mzima kabisa, miwani nyeusi, ameegemea mlango wa gari lake kama anapigwa picha.

"Abaayo," akaniita, yaani dada, "njoo umwone mnyama."

"Mnyama gani huyu amelala saa nne asubuhi?"

Hakucheka. Wala hakuondoka mlangoni.

Mume wangu akafunga kamba, kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Kuvuta gari ni kazi ya mwanaume, akasema. Mama mkwe akashuka na mtoto begani. Huyu mama amekulia nyuma ya mifugo, na amehama na nyumba mgongoni mwa ngamia mara nyingi kuliko mimi nilivyohama darasa.

"Waryaa, wewe," alimwambia mwanawe, "nyumba ikihama, ngamia wa mizigo wanaongozwa na nani?"

Mume wangu akatazama mchanga. "Wanawake, hooyo." Hooyo ni mama.

"Wewe lini uliona mwanaume ameshika kamba ya mbele?"

Basi ufunguo nikabaki nao. Na kamba mama mkwe akaifungua, akaifunga upya, ndefu zaidi. "Mmeifunga fupi. Huyu wa mbele akisimama ghafla, wa nyuma atampanda mgongoni." Kisha akamwinamia shemeji dirishani. Betri ilikuwa imekufa, vioo vyeusi vimeganda vikiwa wazi upana wa vidole vinne tu, hivyo tulikuwa tunaongea na pua yake. "Na wewe usivute nyuma. Fuata."

Tukaondoka. Watu wa Modogashe walisimama kututazama: kigari cha madumu mbele, na nyuma kitu chekundu kinachong'aa, kinafuata kwa adabu. Mzee mmoja alimwita mume wangu: "Huyo mmemnunua au mmemkuta amepotea?" Mume wangu akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Kwenye lami tulikwenda vizuri. Nilianza hata kumwonea huruma shemeji, maana joto lile na vioo vile, alikuwa anaiva. Halafu tukaingia laga, mto mkavu wenye mchanga mwingi. Nikaweka gia ya kwanza. Injini ikalia, magurudumu yakachimba, na harufu ikapanda puani mwangu, harufu ya kitu kinachoungua ambacho siwezi kukinunua. Nikatoka lile laga kwa dua tu. Nilipofika ng'ambo nikasimama, nikazima gari.

"Kwa nini umesimama?" akauliza mume wangu.

"Nyamaza nisikie kama bado lina uhai."

Tukanyamaza. Na katika ule ukimya, kutoka kwenye gari la spoti, kondoo akalia.

Mama mkwe ndiye aliyefika wa kwanza, akafungua mlango ule shemeji aliokuwa akiulinda tangu asubuhi. Kwenye kiti cha abiria amekaa kondoo dume mnene, kichwa cheusi, amefungwa mkanda wa usalama. Chini ya miguu yake magaloni ya samli. Nyuma ya viti gunia la sukari, limekandamizwa mpaka limechukua umbo la gari.

"Subhanallah," nikasema. "Nimekuwa nikivuta duka?"

"Ningekataaje?" Shemeji alikuwa amelowa jasho, miwani imeteleza mpaka puani. "Wakwe walipakia wenyewe, kwa mikono yao!"

Hapo nikajua jiwe lilivyolipata lile tumbo. Na kusema kweli nilimwelewa. Kwetu, kukishusha kitu ambacho wakwe wamekupakilia ni sawa na kuwaambia binti yao humtaki.

"Wangekupa ngamia?" mama yake akamuuliza. "Ungempakata?"

Nikawaambia nafungua kamba.

"Abaayo, tafadhali. Shusha sukari tu, tuendelee."

"Mchanga bado upo mbele. Klachi yangu haifiki nawe. Pale kuna kibanda cha chai, unakiona. Malori yanapita mchana kutwa. Kaa na mnyama wako, wote wawili."

Mume wangu akasimama mbele yangu, kifua mbele. "Utamwacha ndugu yangu barabarani? Watu watasema nini?"

"Simwachi peke yake. Unabaki naye."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyesema gari lipo. Lako ni hili jekundu."

Alimgeukia mama yake. Mimi pia nilimgeukia, na nakiri niliogopa. Neno lake moja lingetosha kunirudisha kwenye kamba. Mama mkwe alitazama kondoo, akatazama kigari changu kilichokuwa bado kinatoa harufu. Akamkabidhi mume wangu dumu letu la maji.

"Kondoo anywe kwanza," akasema, akaenda kukaa kiti cha mbele na mjukuu wake.

Nilikwenda polepole mpaka Garissa. Mama mkwe hakuongea sana, kila nikibadilisha gia alinigusa goti na kuniambia, "Taratibu, usimsumbue." Tulifika kabla ya alasiri. Fundi aliingiza kichwa chini ya gari, akakitoa, akasema imeungua kidogo lakini ipo, nisiibebeshe tena upuuzi. Kesho yake alfajiri maziwa yalifika sokoni kama kawaida, na akina mama hawakujua ni nini kilitaka kuwapata.

Wale ndugu wawili waliingia mjini adhuhuri hiyo wakivutwa na lori la maji, samli imekamilika, sukari imekamilika, kondoo amenenepa kwa majani ya mwenye kibanda. Buna walipopiga simu kuuliza safari ilikuwaje, shemeji alisema ilikuwa salama sana. Ndoa inaendelea kupangwa.

Mume wangu alininunia siku tatu. Siku ya nne alitaka kwenda msibani ng'ambo ya mji, akaja akasimama mlangoni mwa jikoni, akakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane akauliza kama gari lina nafasi. Nilimwambia asubiri nimalize kuosha madumu. Alisubiri. Aliosha mawili.