Pikapu Iliyokatazwa Kuoshwa

Mwaka ambao kahawa ilitustawia, Baba alinunua pikapu mpya, na padri akainyunyizia maji ya baraka. Tangu siku hiyo Mama alikataza isioshwe, baraka isije ikaondoka na maji ya ndoo.

Masika yalipokwisha, tuliondoka Mbeya kumpeleka Mama Iringa kwa dada yake, aliyekuwa mahututi. Kwenye mteremko wa kuelekea Igawa, usukani ulitetemeka hata ukamponyoka Baba mikononi. Gari lilisimama ukingoni mwa korongo.

“Sokoni walisema gari hili limerogwa,” Baba alisema. “Turudi nyumbani.”

“Baba, yupo aliyemwona huyo mchawi?”

“Wewe na vitabu vyako!”

Nilikuwa mwalimu kijana, na maneno ya sokoni sikuyaamini, kama nisivyoyaamini leo. Nikaingia chini ya gari. Ndani ya ringi za mbele, udongo mwekundu wa kwetu milimani ulikuwa umegandamana upande mmoja, mgumu kama tofali. Magurudumu yalikuwa yakizunguka bila ulinganifu.

“Mama, baraka haikai kwenye tope,” nilisema.

Mama aliinama akauchungulia ule udongo. “Basi osha magurudumu, mwanangu. Boneti usiiguse. Maji ya padri yaliangukia pale.”

Nilibandua udongo kwa kijiti, nikaosha kwa maji ya kijito. Tulifika Iringa usukani umetulia, na mama mkubwa tukamkuta hai.

Wazazi wangu wamekwisha kulala usingizi wa milele. Bado naiona boneti ile yenye vumbi ikitutangulia njiani, na Mama akimkemea Baba kila alipotaka kuipangusa.