Yaya Alipofagia Msitu

Kabati la sebuleni kwangu, mtaa wa Saint-Gilles, lilikuwa na sahani za wageni upande wa kushoto na wakwe zangu upande wa kulia. Baba mkwe na mama mkwe waliomba wenyewe kuchomwa, kama Wabelgiji wengi siku hizi, na mume wangu akawaleta nyumbani, kila mmoja ndani ya chombo chake cha majivu. Sheria ya hapa inaruhusu. Mimi nilikuwa nawapangusa vumbi. Mama mkwe tulielewana vizuri zaidi akiwa humo ndani. Mwaka jana mume wangu naye akawafuata, naye pia kwa majivu, nikampanga katikati ya wazazi wake. Nikaona basi, familia imetimia, sina tena sababu ya kutoka nje.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wana safari, wana vyama, wana mazoezi ya viungo. Mimi nina jiko na dirisha.

Shida ikawa Yaya. Kwetu dada mkubwa huitwa hivyo, na wangu anakaa Laeken, mtaa mwingine wa jiji; tulizaliwa wote Lubumbashi. Tangu matanga ya mume wangu hakula tena kwangu. Alikuwa anafika, anasimama karibu na mlango na koti lake mwilini, ananiuliza habari, macho yote kwenye kabati.

"Yaya, ikala kidogo. Nimepika sombe." Kisamvu cha kwetu, anachokipenda.

"Nitakula mbele ya batu batatu benye kufa? Bon, bale bawili nilivumilia, nilijiambia ni mapambo. Lakini shemeji yangu namujua. Tosha ule mutu mu kabati, apumuzike."

Watoto hatukupata. Marafiki wa mume wangu, walimu wastaafu waliofundisha Katanga, wanaondoka duniani mmoja mmoja. Yaya asipokaa mezani kwangu, ninabaki kubishana na redio. Kwa hiyo nikapiga simu kwenye makaburi fulani upande wa Auderghem, pembeni mwa msitu, ambako majivu huzikwa chini ya miti bila jiwe, bila msalaba, bila jina. Mume wangu aliupenda msitu ule. Kila Jumapili alikwenda kutembea huko, nami kila Jumapili nilimsubiri na supu.

Nikamwomba Yaya anisindikize kuchagua mti mmoja wa kuwazika wote watatu. Akaja amevaa kitenge cha kanisani, begi kubwa begani. Sikumwuliza limebeba nini.

Aliyetupokea alikuwa mama wa Kibelgiji, mwembamba, miguuni buti za matope. Akatuuliza kama tunapenda kutembea. Nikajibu ndiyo, sana. Nadhani alinitazama kama mjane wa mtu wa msitu, nami sikutaka kumwaibisha marehemu. Yaya akacheka puani. Akasema magoti yanamuuma, atatungoja pale pale kando ya njia.

Basi nikatembea. Nilisifu kila mti tuliopita. Nilivuta pumzi kwa nguvu, kama watu wanavyofanya kwenye matangazo ya chai. Matope yaliingia kwenye viatu vyangu, nami nikatabasamu. Mbali sana, karibu na bonde, nikaonyesha mti mmoja mnene wenye shina la kijivu, nikasema ni huu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimechoka, na pia nilitaka yule mama aone kwamba nina jicho la kuchagua. Akafurahi sana.

Tuliporudi tukamkuta Yaya ameinama, ufagio mkononi. Ufagio wa njiti, umetoka kwenye begi. Alikuwa amefagia chini ya mti mmoja kando ya njia, duara zima, mpaka udongo mweusi ukaonekana, na majani ameyalundika pembeni vizuri. Kwetu huendi makaburini mikono mitupu. Unachukua ufagio na jembe, unamsafishia mtu wako. Kaburi lililojaa majani ni aibu ya waliobaki. Yaya alikuwa anatoka jasho na anaimba taratibu wimbo wa misa.

Yule mama hakupaza sauti. Alieleza tu, kwa Kifaransa cha upole, kwamba hapa majani hayaguswi. Familia huuchagua msitu huu ili pasionekane ni wapi mtu amelala. Na chini ya mti ule kuna mtu tayari. Bwana na bibi waliokuwa wanapita na mbwa wao wakasimama kuangalia.

Nami nikasema, "Unisamehe, madame. Ni jirani yangu. Aling'ang'ania kuja."

Nilisema kwa Kifaransa, kana kwamba Yaya hakijui. Yaya, aliyesoma kwa masista mpaka diploma, aliyenishika mkono nilipoandika neno langu la kwanza. Alinyoosha mgongo polepole.

"Jirani," akaniambia kwa Kiswahili, bila kunitazama. "Aksanti, mama."

Nilidhani ataondoka. Aliurudisha ufagio kwenye begi, akapiga magoti, yale yale yanayouma, akaanza kurudisha majani kwa mikono. Alimwomba radhi mtu aliyelala pale, akimwita papa, yaani baba, ingawa hatukujua kama ni papa au maman. Kisha akamgeukia yule Mbelgiji, kwa Kifaransa kinachopita changu: asamehewe, alifikiri huyu amesahauliwa na watu wake.

Nikapiga magoti kando yake. Uso uliniwaka mpaka masikioni. Nikasema, nikiyaambia zaidi majani kuliko watu, "Madame, huyu ni dada yangu mkubwa."

Yule mama akasema alikuwa ameshaona, paji la uso ni moja. Hapo nilitamani msitu unimeze. Heri angeniamini.

"Ulichagua wapi?" Yaya akaniuliza.

Nikaonyesha kule bondeni. Aliangalia viatu vyangu kwa muda.

"Kule? Weye unakula mukate mugumu siku nzima juu ya kukataa kushuka ngazi. Kule utafika siku ya kubaweka, kisha basi."

"Yeye alipenda kutembea, Yaya."

"Yeye, ndiyo. Sasa ametembea, amemaliza. Tunatafuta mahali pa weye kufika."

Akaonyesha kwa kidevu mti mwembamba hatua chache kutoka njiani, kando ya benchi. Basi lilisikika likipita barabarani. Yule mama akasema bado haujachukuliwa, lakini si mzuri kama ule wa bondeni, na kwa watembeaji kama mimi... Ikabidi nimwambie ukweli: sitembei. Msitu huu nauona leo kwa mara ya kwanza. Akaitikia kwa kichwa, akatazama pembeni kwa adabu, na adabu hiyo ilinichoma kuliko kicheko.

Kisha akauliza siku ya kuzika tutakuwa watu wangapi. Nikamtazama Yaya.

"Deux," Yaya akajibu, yaani wawili, akijikung'uta udongo kwenye kitenge. Kisha akanigeukia. "Na tukitoka hapa siku ile nitakula kwako. Lakini usinipikie sombe ya kulala mu frigo."

Nikasema ndiyo, Yaya. Nilikuwa nimeinama, nasugua matope kwenye viatu kwa jani lenye maji, nikaendelea kusugua muda mrefu, mpaka yeye akatangulia kituoni.