Chiriku Aliyemwiga Shangazi

Shangazi yangu alifagia chumba cha ndege miaka kumi na mmoja, na ole wako umwambie ni kazi ndogo. Aliwapenda ndege wale kuliko sisi, tena hakuficha. Bosi wake tulimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu: alirekodi nyimbo za chiriku, akazikatakata vipande, akavipanga ukutani.

"Ndege hupanga sauti kwa utaratibu, kama sisi tunavyopanga maneno," alimweleza. "Ila hana maana anayoisema, wala hawezi kutia sentensi ndani ya sentensi. Wewe unasema: jirani, ambaye ndoo niliyomwazima ameipasua, amehama. Yeye hawezi."

"Hata mume wangu hawezi," Shangazi akajibu.

Basi siku moja chiriku mmoja akaanza wimbo, akaukata katikati, akatia mwingine, kisha akaumalizia ule wa kwanza. Lo! Daktari nusura apae. Akaalika wataalamu waje Ijumaa.

Shangazi aliposikia, akaweka ufagio chini. Ule ulikuwa mluzi wake! Kila asubuhi alipiga deki huku akipiga mluzi, akaukatiza kwa mluzi mwingine wa kumwita mlinzi afungue mlango wa nyuma, akaendelea. Na kelele mle ndani zilikuwa marufuku. Ukikamatwa, hukanyagi tena. Lakini akinyamaza, Daktari ataumbuka mbele ya wenzake. Mimi ningeufyata, nani anajipalia makaa?

Yeye Alhamisi akasema. "Daktari, huyo hajatunga kitu. Ameniiga mimi."

Akapiga mluzi. Chiriku akaitikia vilevile, mlinzi naye akaitwa. Shangazi akabadilisha kipande cha katikati. Ndege akarudia kilekile cha zamani. Daktari akaketi juu ya ndoo, hoi.

Wageni wakaambiwa wasije. Daktari alimtetea sana, lakini ofisi ikakaza: sheria ni sheria. Shangazi akahamishiwa stoo ya makaratasi.

Baada ya wiki Daktari akamfuata huko. "Mama, yule ndege anakuita kila asubuhi."

"Haniiti. Si ulisema mwenyewe hana maana anayoisema?"

Daktari akaondoka. Shangazi akafuta rafu moja mara tatu, machozi yanamtiririka. Saa kumi alipotoka kazini, akazunguka hadi chini ya dirisha la ndege, akapiga mluzi nusu, akasubiri amaliziwe.