Kuna Kinachosogea Ndani

Mashine ya kufulia ilikuwa imeshaanza kuingiza maji nilipogundua kwamba shemeji yangu yumo ndani yake.

Sikumwona. Sikumsikia. Nilisoma.

Nieleze kwa utaratibu, maana kisa hiki kimeshasimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwepo.

Ninafua mashuka ya hospitali. Mashine yetu kubwa inabeba kilo mia na ishirini kwa mpigo. Mtu mzima anaingia na kuchuchumaa. Ilitoka nje ya nchi ikiwa imeshatumika, na kioo chake cha maelekezo kinaandika lugha ya huko ilikotoka. Fundi aliyeifunga alitubandikia karatasi kwenye vitufe: kijani washa, njano endelea, nyekundu simamisha. Akaenda zake.

Tangu hapo hakuna aliyesoma kioo. Maandishi yakitokea, unabonyeza njano mara mbili, yanapotea, kazi inaendelea.

Mimi lugha ile nilikuwa naijua kidogo, na si kwa shule. Nilinunua gemu la mtumba, la meli ya mizigo inayosafiri angani, nikakuta halina lugha nyingine. Badala ya kulirudisha, nikafungua daftari. Kila neno niliandika maana yake, na pembeni idadi ya mara nilizokufa kabla ya kulielewa. "Mlango" ulinigharimu vifo saba. "Hewa", vitatu.

Sentensi moja iliniua mara kumi na tisa: kuna kinachosogea ndani. Hutokea kiumbe kinapojificha kwenye shehena. Ukiipuuza ukafunga chumba, umekwisha.

Mume wangu alinicheka. "Mama mzima na vifo vyako. Maneno hayo utayaongea na nani?"

Mdogo wake, ambaye ninafanya naye kazi, akaanza kuniita Rubani mbele ya watu, na jina likashika. Sikumkasirikia. Yeye mwenyewe kazini anaitwa Kijiti, kwa wembamba wake.

Shuka likinasa huko nyuma ndani ya pipa la mashine, Kijiti ndiye anayeingia. Hapo tuna utaratibu mmoja, na hatukufundishwa na fundi: anayeingia anavua kandambili, anazitundika kwenye mpini wa mlango. Zikiwa pale, mlango haufungwi, hata aje mkurugenzi.

Siku hiyo mkurugenzi alikuwa anakuja kweli, saa nane mchana. Tangu asubuhi tulikuwa tunasugua sakafu, na msimamizi wetu, mzee tunayemwita Kanuni, alikuwa anazunguka na orodha mkononi akikosoa hata vumbi ambalo halijatua.

Saa saba na nusu akaifikia mashine. Mashuka yamejaa nusu, mlango uko wazi, mpini mtupu. Akafunga. Akabonyeza kijani.

Pampu ikanguruma. Kioo kikaandika. Kanuni akanyoosha kidole kwenye njano.

Nilikuwa nyuma yake na kapu la foronya. Katika mstari ule wote nilijua maneno mawili tu, lakini niliyajua kama jina langu.

Kinasogea. Ndani.

"Usibonyeze," nikasema.

"Inaandika hivyo kila siku."

"Haiandiki hivyo. Kijiti yuko wapi?"

Akatazama mpini. "Kandambili hazipo."

"Sijauliza kandambili."

Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Mashuka matupu, maji yakipanda. Kisha shuka moja likavimba, kama linasukumwa na kiganja, likatulia.

Kanuni akapiga nyekundu. Pampu ikanyamaza. Akauvuta mlango kwa mikono miwili. Mashine ikiwa na maji ndani, haufunguki. Akakimbilia swichi kuu ukutani, nikamdaka mkono wa shati.

Mwezi uliotangulia umeme ulikatika mashine ikiwa na mzigo. Mlango ulikaa umefungwa saa mbili, hadi umeme uliporudi.

"Ukizima, tumemfungia," nikamwambia.

Nambari ya joto ilisoma thelathini na nane. Ikasoma arobaini. Nyekundu ilikuwa imesimamisha maji, haikusimamisha moto.

Kioo kikaleta mistari minne. Wa kwanza: rudia. Wa pili ulikuwa na neno "maji", na mbele yake neno refu nisilolijua. Wa tatu: toa maji. Wa nne: fungua mlango.

"Una uhakika?" Kanuni aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Wa tatu na wa nne, ndiyo. Wa pili siujui, siugusi."

Nikabonyeza wa tatu, pale pale kwenye kioo. Bomba la chini likaanza kukoroma. Joto likasoma arobaini na tatu. Arobaini na sita. Nilihesabu kimoyomoyo, maji yaliisha nilipofika sabini na moja. Nikabonyeza wa nne. Mlango ukalia tak.

Kijiti akatoka kwa magoti, shuka limemzonga shingoni, miguu myekundu, anakohoa. Akakaa sakafuni. Hakusema asante. Aliuliza:

"Nani kaondoa kandambili zangu?"

Nikainama kuokota kapu langu la foronya.

Jioni tulimpigia fundi. Mstari wa pili, akasema, ni kutoa maji kwa kuzungusha pipa.

Kwa siku tatu nilikuwa shujaa. Mkurugenzi alinipa mkono. Mume wangu aliomba kuona daftari, akalifunua ukurasa kwa ukurasa bila mzaha hata mmoja. Kanuni naye akapewa barua ajieleze kwa nini asifukuzwe, kwa kumfungia mtu ambaye kandambili zake zilikuwa mlangoni. Alishikilia kwamba mpini ulikuwa mtupu. Watu walimwona mwongo. Alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu.

Siku ya nne nikaingia ofisini kwa mkurugenzi.

Mpini ulikuwa mtupu kweli. Nilijua, kwa sababu niliyeuacha mtupu ni mimi.

Dakika kumi kabla ya Kanuni kufika, nilipita na kitambaa cha kufutia nikaona kandambili chakavu zinaning'inia kwenye mashine inayong'aa, na mgeni yuko njiani. Nikazipeleka kwenye rafu ya viatu. Nikazipanga sawasawa, visigino ukutani. Kanuni alipozitaja pale mashineni, nilikumbuka papo hapo. Ndiyo maana nilimkatisha.

Niliandika maelezo ukurasa mmoja. Kanuni akarudi kazini. Mimi nikasimamishwa mwezi, kisha nikahamishiwa kwenye pasi. Kijiti haniiti tena Rubani. Ananiita shemeji, kwa heshima, na anapita.

Funzo nililolipata halina mapambo: nilikesha na lugha ya watu hadi nikaisoma kwa haraka, huku lugha ya wenzangu nikiipangusa kama uchafu.

Daftari lilikuwa na maneno mia nne na kumi na mawili. Nimeongeza la mia nne na kumi na tatu: kandambili kwenye mpini. Maana yake: kuna mtu ndani.

Kwenye safu ya vifo nimeandika sifuri. Pembeni, kwa herufi ndogo: kwa bahati.