Mama Alivyokataa Kulala Kitandani

Wiki tatu tu tangu tumhamishie mama nyumba ya wazee ya masista, sista msimamizi alinipigia simu. "Mama yako analala kwenye kiti," alisema. "Kitanda hataki hata kukigusa. Miguu imevimba, na daktari anasema asipoinyoosha itatoka vidonda. Mimi nimeshindwa. Labda wewe atakusikia."

Anisikie mimi? Jamani! Huyo mama hajanisikia tangu anizae.

Jengo lenyewe lilikuwa hospitali ya misheni, la mawe, lenye veranda ndefu inayotazama ziwa. Hospitali ilipohamia majengo mapya, masista waliligawa vyumba vyumba wakaweka wazee. Mama aliuguza watu humo mpaka akastaafu. Sisi tunakaa juu mlimani, kwenye majabali, na magoti yake yalishagoma kupanda, kwa hiyo nafasi ilipopatikana nilimshukuru Mungu. Nikajisemea, anarudi kwake. Kumbe nilikuwa najipalia makaa.

Nilimkuta kitini, amejifunga kanga, kitanda kimenyooka shuka utadhani kinasubiri askofu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usikae hapo!"

Makalio yangu yalikuwa hayajafika godoroni. Nikaruka.

"Kitanda ni cha mgonjwa," akasema. "Muuguzi hakikalii."

Hiyo ilikuwa amri ya matroni wao wa zamani, sista mmoja mkali aliyewahi kumrudisha msichana kwao kwa kosa hilo hilo. Matroni ameshakufa zamani. Lakini vitanda ni vile vile vya chuma, vimepigwa rangi tu, na chumba cha mama ni kona ya wodi aliyokuwa akiihudumia. Na msinidanganye kwamba ni uzee. Akili yake inanishinda mimi.

"Najua hapa ni nyumba ya wazee, sijawa mwehu," aliniambia. "Ila hicho kitanda nakijua. Nani kanilaza mimi?"

Basi nikahangaika. Nikamwendea fundi seremala kule Nyakato, nikanunua kitanda cha mbao, nikakipakia kwenye kigari cha kirikuu. Kesho yake nikaambiwa mama amempa bibi wa chumba cha pili anayeumwa mgongo. Nikaleta godoro, nikalitandika sakafuni. Akaniuliza tangu lini muuguzi akalala chini kama ndugu wa mgonjwa. Nilifoka mpaka wazee wa kwenye veranda wakachungulia dirishani. Yeye ananitazama tu, na miguu inang'aa kwa kuvimba. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa.

Siku ya nne uvumilivu ukaniishia. Mimi ni mwalimu, daftari halikosi mkobani. Nikachana karatasi, nikapiga mistari kama ya faili la wodini, nikaandika: jina, umri, tatizo miguu kuvimba, alazwe. Nikaacha na nafasi za chini kama nilivyoziona kwenye mafaili. Sista akatia saini, anajizuia kucheka. Nikambwagia mama mapajani.

Akavaa miwani. Akasoma taratibu, mstari kwa mstari.

"Ndugu wa karibu hujaandika."

Nikaandika jina langu huku nasaga meno. Akavua ndala, akapanda kitandani, akanyoosha miguu nimwekee mto chini yake. Yesu na Maria! Kumbe siku zote hizo, kitanda cha mbao na godoro na kelele zangu zote, mwenzangu anasubiri karatasi!

Nilikuwa nafunga pazia, nacheka peke yangu kwa hasira, aliponiita. Bado alikuwa ameishika.

"Tarehe ya kuruhusiwa umeiacha wazi."

"Si inajazwa mgonjwa akipona, mama? Wewe ndiye unayejua."

"Wiki mbili zinatosha kwa miguu hii." Akanirudishia karatasi na kalamu. "Andika. Siku hiyo uje na gari, nirudi nyumbani."

Nilitaka kumwambia kwamba mlimani harudi tena. Nilikuwa nimemfokea siku nne nzima bila kukosa neno, na sasa nimeshika kalamu tu. Alikuwa amenyoosha mkono, anasubiri.

Nikaandika tarehe, Mungu anisamehe. Akaihakiki, akaikunja karatasi akaiweka chini ya mto, akalala.